Mtambo Uliopumzika Sabato

Wanaomjua Truphena Nyakerario pale Migori watakuambia kwamba mama huyu hana subira na watu wa aina mbili: mvivu, na mtu anayejua jambo halafu akalikalia. Huyu wa pili ndiye anayemuudhi zaidi. Mvivu, husema, amejidhulumu mwenyewe. Anayejua na kunyamaza amemdhulumu jirani yake, na siku moja ataulizwa.

Hasira hiyo aliitoa kwao Nyamira. Baba yake alikuwa fundi hodari wa kuunganisha miche ya parachichi, na watu walitoka mbali kumletea miche yao. Kazi yenyewe aliifanyia nyuma ya nyumba, mgongo kawageuzia wageni, wasije wakaona jinsi kisu kinavyoingia. Hata wanawe hawakuonyeshwa. Mzee alipofariki, ufundi wake ulilala naye kaburini. Truphena alibaki akiitazama miti inayozeeka, na hakuna mtu kijijini aliyeweza kuunganisha hata tawi moja. Hakulia siku hiyo. Alikasirika, na mpaka leo ukimtajia parachichi utamwona anakunja uso.

Alisomea kompyuta Kisii, akapata stashahada, akafundisha katika chuo kidogo mjini Migori mpaka kilipofungwa. Kutoka hapo alifungua saiba karibu na soko. Anapiga chapa barua, anachapisha vyeti, anawasaidia wazee kuingia katika tovuti za serikali zinazowapa kizunguzungu. Watu walizoea kumwita Madam, na jina likamganda. Mumewe, Mogaka, ni seremala na mtu wa mzaha. Husema alioa mke mmoja, akapata na mwalimu mkuu juu yake.

Wakati fulani Truphena alikuwa mwanachama wa kundi kubwa la wakulima katika mtandao wa kampuni moja ya ng'ambo. Watu waliuliza, watu walijibu, maarifa yakajaa. Asubuhi moja kundi likatoweka. Kampuni ilikuwa imelifuta bila kutoa sababu inayoeleweka, na hapakuwa na ofisi ya kwenda kubisha hodi. Majibu yote ya miaka ile yakayeyuka kama chumvi mtoni.

"Tulijenga kwenye shamba la mtu," Truphena alimwambia Boaz Orina kwenye simu. "Mwenye shamba ametufukuza."

Boaz ni fundi wa simu na redio huko Rangwe, kibanda chake kiko njia ya kwenda Asumbi. Ni Mgusii kama Truphena, ila yeye ni Mkatoliki. Walijuana katika lile kundi lililotoweka.

"Basi dada, tujenge kwetu," Boaz alisema. "Wewe huko, mimi huku, halafu tuweke njia katikati."

Ndivyo Kikao kilivyozaliwa. Kikao ni mtandao wa kijamii kama ile mingine, unaandika, unaweka picha, unajibu wenzako. Tofauti ni kwamba hauna mwenyewe mmoja. Boaz ana seva yake, yaani kompyuta inayotunza yote yanayoandikwa na watu waliojiandikisha kwake. Truphena ana ya kwake Migori. Hizo mbili zinapelekeana habari, kwa hiyo mtu aliyejiandikisha Rangwe anasoma ya Migori na wa Migori anasoma ya Rangwe. Moja ikianguka, nyingine imesimama. Hakuna mkubwa wa kuamka asubuhi na kufuta yote.

Seva ya Truphena haikuwa na pa kukaa. Saiba ni ndogo na umeme wake ni wa wasiwasi. Kanisa lake la Waadventista lilikuwa na chumba cha nyuma kilichojaa viti vibovu, na paneli za sola juu ya bati. Aliomba, akapewa kwa majaribio, akakitoa vumbi, akaweka mtambo wake mezani na kuufunika kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe.

Watu wakajiandikisha kwa wingi, kwake na kwa Boaz. Wavuvi na wauza samaki wa Sori, wakulima wa Lambwe, wafugaji wa Isebania mpakani. Lakini walikuja kusoma tu. Nani aliandika? Truphena. Nani alijibu? Truphena. Boaz aliongeza mawili matatu, basi.

Akajaribu kuwavuta kwa zawadi. Alitangaza kwamba kila atakayeandika jambo la kufundisha atatumiwa bando la intaneti. Siku ya pili Kikao kilifurika! Zilikuja picha za maua zenye maneno ya kuwatakia watu asubuhi njema. Ikaja dawa ya kutibu kila ugonjwa kwa limau na majivu. Mtu mmoja alinakili makala nzima juu ya ufugaji wa sungura wa nchi za baridi, akaiweka kama yake. Truphena alizifuta zote na kuzika mambo ya bando. Alikuwa na haki. Maarifa yakitangaziwa malipo, hata asiyejua hujipaka ujuzi usoni na kupanga foleni.

Ijumaa moja asubuhi Mzee Bogonko aliingia saiba. Mzee Bogonko ndiye mzee wa kwanza wa kanisa, mrefu, mkavu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Alivua kofia, akaketi.

"Dada Truphena, nimekuja kwa sababu sitaki usikie kwa watu. Jumapili asubuhi baraza la kanisa linakutana. Kwaya wanataka kile chumba kwa vyombo vyao."

Truphena aliacha kuandika. "Na Kikao, Mzee?"

"Hicho ndicho tutakachoulizana. Nimekuwa nikikifuatilia kwenye simu ya mjukuu wangu. Watu wako wanasoma kama wanaochungulia harusi dirishani. Hakuna anayeingia kucheza. Ni wewe tu unayecheza."

"Watazoea."

"Uliniambia kitu hiki ni kama makambi. Kila kanisa lina hema lake na kiongozi wake, lakini mkutano ni mmoja. Nikakuelewa, nikakutetea. Lakini makambi gani haya ambayo anayehubiri ni mmoja, anayeimba ni huyohuyo, na anayeitikia Amina pia ni yeye?"

Mteja mmoja aliyekuwa akisubiri karatasi zake alikohoa kuficha kicheko.

"Nionyeshe matunda kabla ya Jumapili," Mzee Bogonko alisema akiinuka. "Watu wakipeana maarifa wao kwa wao, mimi mwenyewe nitasimama niseme chumba kibaki. Wasipopeana, utauhamisha mtambo wako, na mimi sitainua mkono kukuzuia wala kukuokoa."

Alipoondoka, Truphena aliketi akiutazama mlango. Hakuwa na mahali pengine pa kuuweka. Bila chumba kile, Migori ingebaki bila seva, na kila aliyejiandikisha kwake angebaki bila mlango. Jumapili ilikuwa kesho kutwa, na katikati yake imekaa Sabato.

Mchana Rispa alipita. Rispa ni mwanamke wa Sori, mchuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuvukia barabara. Alikuwa amekuja mjini kupeleka gunia kwa mteja, na sasa alitaka kuchapishiwa cheti cha mtoto.

"Rispa," Truphena alimdaka kabla hajaketi, "kwa nini huandiki kwenye Kikao? Umejiandikisha siku nyingi. Omena unaijua tangu utotoni."

"Aii, Madam, mimi niandike nini?"

"Unachokijua!"

"Si niliandika siku moja?" Rispa aliweka mkoba chini na kushika kiuno. "Niliandika vile mimi natofautisha omena ya mchanga na omena ya kuanikwa kwa neti. Ukanijibu kabla nimeweka simu kwa mfuko. Ukaniambia hapo ningeandika hivi, hapo ningeandika vile, na Dholuo nisichanganye na Kiswahili. Nikaambia wenzangu, wuololo, nimefeli mtihani wa samaki!"

"Nilikuwa nakusaidia."

"Ulinisaidia nikanyamaza." Rispa alicheka, lakini jicho lake halikucheka. "Na tena, Madam, mtu akiuliza kitu, wewe uko hapo. Hata kama ni mambo ya ziwa, na wewe ziwa unaliona ukienda matanga. Sasa sisi tujibu saa ngapi? Kwetu mtu hajisimamishi tu na kuanza kusema mimi najua, mimi najua. Unangoja kuulizwa. Ukiulizwa, ukisikia kimya, hapo unafungua mdomo."

Truphena alisema kwamba kulijibu swali ni wajibu, na swali lisilojibiwa ni aibu ya wote. Alisema pia kwamba lugha safi haijamuua mtu. Rispa aliinua mabega, akachukua cheti chake, akaenda zake.

Jioni, jua likiwa limebakiza mkono mmoja kufika chini, Truphena alifunga saiba na kwenda kanisani. Kila Ijumaa alikuwa akiuzima mtambo kabla jua halijatua, na kuuwasha Sabato ikishapita. Watu walimcheka kwa hilo. Boaz ndiye aliyemcheka kuliko wote, na jioni ile, akiwa ameshasikia habari za chumba, alipiga simu kama kawaida.

"Dada, usiuzime leo. Una siku moja tu ya kuokoa chumba."

"Boaz, amri inasema mimi nipumzike, na mtumishi wangu, na mnyama wangu."

"Seva si mnyama."

"Ni mtumishi."

"Basi wangu ni mpagani, maana Jumapili nikienda Misa yeye anabaki anafanya kazi," Boaz alisema. "Haya. Ukifunga kwako, kwangu kuko wazi."

Alikuwa hajamaliza kuagana naye simu ya Rispa ikaingia. Nyuma ya sauti yake upepo ulikuwa ukipiga bati.

"Madam! Mvua imetushika huku Sori. Omena yote iko nje, yangu na ya wenzangu, tumeikusanya mbio imelowa. Na wingu si la saa moja, hili litalala hapa mpaka kesho. Itaoza! Unajua mtu wa kutuambia cha kufanya?"

Truphena aliruka kwa furaha, na hilo si la kumsifu, kwa sababu jirani alikuwa akilia. Lakini aliona mlango umefunguka. "Uliza kwenye Kikao! Sasa hivi! Waulize wote, watakujibu."

"Haya, wacha niandike."

Simu ikakatika. Truphena akageuka dirishani. Jua lilikuwa limegusa mgongo wa kilima. Mkono wake, uliozoea kazi hiyo Ijumaa baada ya Ijumaa, ukaenda kwenye swichi, ukabonyeza. Feni ya mtambo ikapunguza mvumo, ikanyamaza. Akaufunika kwa kitambaa chake, akafunga mlango, akazima na simu, akashika njia ya nyumbani akiimba wimbo wa kufungulia Sabato.

Alifika langoni kwao ndipo akakatiza wimbo.

"Baba Kemunto!" alimwita mumewe. "Nimemwambia Rispa aulize kwenye Kikao, halafu nimekizima!"

Mogaka alikuwa akinawa mikono. Alimtazama mkewe, akatazama mbingu ambako jua lilikuwa limeshatua. "Yaani umemwambia mgeni karibu ndani, ukafunga mlango na kuondoka na ufunguo?"

"Usinicheke."

"Sicheki. Nashangaa tu. Mwalimu mkuu amejifungia nje ya shule."

Sabato nzima Truphena alikaa kama mtu aliyekalia siafu. Katika masomo ya asubuhi mwalimu aliwauliza darasa swali, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi Truphena hakuwa wa kwanza kuinua mkono. Darasa likakaa kimya kidogo. Kisha mama mmoja wa nyuma, ambaye hakuwahi kusikika akisema neno, akajibu kwa ufupi na vizuri sana, na mwingine akaongezea. Truphena aligeuka kuwatazama. Aliwaona kama watu wapya.

Baada ya ibada alimngoja Mzee Bogonko mlangoni.

"Sabato njema, Mzee. Nina swali la Maandiko. Ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato, si anatolewa?"

"Anatolewa. Ng'ombe gani?"

"Omena."

Mzee Bogonko alimkodolea macho. "Omena?"

Truphena akamweleza yote, mvua ya Sori, simu ya Rispa, na swichi. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, midomo ikimchezacheza.

"Dada, omena haitumbukii shimoni. Omena ilishatolewa majini." Kisha akaacha mzaha. "Ungeniuliza jana kabla ya kuzima, ningekuambia acha mtambo uendelee, kwa kuwa kumtendea mtu mema hakuvunji Sabato. Leo je, unaniuliza kwa ajili ya samaki wa yule mama au kwa ajili ya chumba chako?"

Truphena alikuwa mkali kwa wengine, na uzuri wake ni kwamba hakujipunguzia yeye.

"Vyote viwili," alisema. "Na nadhani chumba kimetangulia."

"Basi ngoja jua lizame. Nitakuja na wewe. Nataka kuona."

Tuseme ukweli juu ya kungoja kule. Truphena aliomba, akala bila kuonja, akatembea mpaka kwenye ua na kurudi, akaomba tena. Alijiona ameiua kazi yake kwa mkono wake mwenyewe. Swali la kwanza la kweli, lenye haraka, lenye kilio ndani yake, limekuja, na yeye akalifungia mlango usoni. Nani ataandika tena kwenye mtandao wa namna hiyo?

Jua lilipozama, walifungua chumba cha nyuma, yeye, Mogaka, na Mzee Bogonko. Aliondoa kitambaa, akabonyeza. Feni ikavuma. Kioo kikakaa cheusi, kikawaka, kikaonyesha ukurasa wa Kikao ukiwa vilevile alivyouacha Ijumaa. Bila neno jipya.

"Hakuna kitu," alisema kwa sauti ndogo.

"Ngoja," Mogaka alisema.

Mtambo ukatoa mlio. Ujumbe mmoja ukatokea juu. Mlio mwingine. Kisha mingine ikafuatana, ti, ti, ti, kama mahindi yanayopasuka sufuriani, na ukurasa ukaanza kukimbia wenyewe kwenda chini!

"Nini hiki?" Mzee Bogonko alirudi nyuma hatua moja.

"Zinatoka kwa Boaz!" Truphena alipiga kelele na kushika kichwa. "Seva ya Boaz! Imekuwa ikibisha hodi kwetu tangu jana, na haikuchoka! Imetutunzia kila kitu. Angalia, Mzee, angalia!"

Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa Rispa. Alikuwa ameukuta mlango wa Migori umefungwa, akampigia Boaz, Boaz akamwandikisha kwake papo hapo. Hata jina alilojipa lilikuwa na ulimi: Rispa wa Sori, Nimefungiwa Nje.

"Jamani," alikuwa ameandika, "omena yetu imelowa na mvua haiachi. Madam wetu ako Sabato, hajibu simu. Nani anajua?"

Na chini yake, kimya cha Truphena kilikuwa kimefanya kile ambacho maneno yake yote hayakuweza.

Mama mmoja wa ufukwe wa Homa Bay alikuwa wa kwanza. Aliandika kwamba waitoe omena kwenye magunia upesi, maana kilichorundikwa hupata moto ndani na kuanza kunuka. Waitandaze kwenye neti zilizoinuliwa juu ya ardhi, chini ya paa lolote walilo nalo. Rispa akajibu kwamba paa lipo, ni jengo la duka lisilokwisha, lakini ni dogo na neti hazienei.

Hapo akaingia Nyasuguta, mkulima wa Lambwe, akauliza kama haziwezi kupangwa juu kwa juu. Mtu akamwuliza zitashikwa na nini. Wakabishana. Mmoja akasema mambo ya shambani yasiletwe ziwani. Mwingine akamwambia huyo akae na omena yake ioze kwa heshima.

Kisha akaja Werema, Mkuria wa Isebania. Werema alikuwa amejiandikisha kwa Boaz siku alipokwenda Asumbi kumwona binti yake shuleni, simu ikamharibikia njiani. Aliandika polepole, sentensi fupifupi.

"Mimi nililima tumbaku miaka mingi. Nimeacha. Banda la kukaushia lipo bado. Tumbaku mbichi tulipanga juu kwa juu kwenye fito, hata mvua ikinyesha wiki nzima. Siri ni upepo. Acha nafasi chini, upepo baridi uingie. Acha nafasi juu, upepo wa moto utoke. Weka jiko la makaa chini kando, si katikati. Fito za kwanza ziwe juu ya kichwa cha mtu, zisipate moto. Neti zenu zifungeni kwenye fito kama machela."

"Tumbaku!" Mzee Bogonko alisema, na uso wake ukakunjamana. Ni mtu aliyehubiri dhidi ya mmea huo maisha yake yote.

"Ameacha, Mzee, soma hapo," Mogaka alimwambia. "Banda limeokoka pamoja na mwenyewe."

Mtu wa Sori alikuwa ameuliza kama sasa omena itaanza kuvuta sigara. Werema akamjibu kwamba omena ina akili, haitavuta. Halafu, kazi ikishafanyika, picha zikaanza. Fito zimepita kutoka ukuta hadi ukuta. Neti zinaning'inia ngazi tatu, zimejaa omena inayong'aa kama sindano. Wanawake wa Sori na leso zao vichwani, wamelowa, wanacheka. Rispa mbele yao ameshika jiko kama kombe la mpira. Maelezo yalikuwa mafupi: "Si yote. Ya chini ya gunia tumepeleka kwa chakula cha kuku. Lakini nyingi imepona! Mkuria, ero kamano, asante sana. Ukikuja Sori hulali njaa."

Truphena alisoma mpaka machozi yakamzuia. Alicheka, akafuta macho, akasoma tena. Watu ambao hawakuwahi kuandika neno walikuwa wameandika, wakaulizana, wakapingana, wakarekebishana, na hakuna aliyepewa bando. Walijibu kwa sababu kulikuwa na mtu mvuani na hakuna aliyewahi kumjibu kabla yao.

Vidole vyake vikaenda kwenye kibodi. Alitaka kuwapongeza. Na hapo kwenye maneno ya Nyasuguta palikuwa na kosa, si kosa kubwa, ni upatanisho tu wa maneno...

Akaitoa mikono yake na kuiweka kwapani.

"Una baridi?" Mogaka alimwuliza.

"Nazuia mikono."

Mzee Bogonko alikuwa ameinama mbele ya kioo, miwani puani. Kulikuwa na ujumbe mpya. Rispa alisema mvua bado inanyesha Sori, na upande ulio wazi wa jengo wameufunika kwa nailoni, wakaitandaza hata juu ya neti za mwisho, lakini sasa maji yanawadondokea ingawa nailoni haina tundu. Aliuliza yanatoka wapi.

"Ni jasho," Mzee Bogonko alisema.

"Unasemaje, Mzee?"

"Nailoni inatoa jasho. Nilipokuwa kijana nilianika kahawa kwenye meza za waya, msimu hadi msimu. Ukiifunika kahawa kwa nailoni ikaigusa, mvuke unapanda, unapoa, unarudi kama maji. Unaiharibu kahawa ukidhani unaiokoa. Nailoni inainuliwa juu kama mgongo wa nyumba, na miisho yote miwili inaachwa wazi. Na ile tabaka iwe nyembamba, igeuzwe mara kwa mara." Alinyamaza, akaona wanamtazama. "Wamwambie yule mama."

"Nani amwambie?" Truphena alisema.

"Wewe. Wewe si ndiye..."

"Mimi sijawahi kuanika kahawa, Mzee." Alisimama akamwachia kiti. "Kiti hiki."

Mzee wa kwanza wa kanisa aliketi. Alikitazama kibodi kama mtu anayetazama mto kabla ya kuvuka. Truphena alimwandikisha jina lake, akasogea nyuma. Mzee akaanza kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, akitamka kila neno kwa sauti. Alikosea. Akaunganisha maneno yasiyoungana, akasahau nukta. Truphena alisimama nyuma yake akiuma midomo, na hakusema kitu. Kwa mama yule, kukaa kimya vile kulikuwa kazi ngumu kuliko kusafisha chumba chote.

"Nikibonyeza hapa itafika Sori?"

"Sori, na Lambwe, na Isebania."

Akabonyeza. Haikupita muda, mtambo ukalia.

"Asante Mzee," Rispa alikuwa ameandika. "Tunainua sasa. Wewe ni nani, na ulikuwa wapi siku zote?"

Mogaka aliangua kicheko. Mzee Bogonko hakucheka. Alisoma swali lile mara mbili, akavua miwani, akaifuta, akairudisha. Kisha akamgeukia Truphena.

"Kesho kwenye baraza nitawaambia kwaya watafute mahali pengine. Lakini kuna jambo moja. Ijumaa ijayo?"

"Ijumaa ijayo mtambo utabaki unafanya kazi," Truphena alisema. "Mimi ndiye nitakayepumzika. Na nitaandika mlangoni kwamba nikikawia kujibu, wajibizane wenyewe."

"Hata siku za kazi ukawie."

"Hata siku za kazi, Mzee."

Mzee Bogonko alikubali kwa kichwa, akakirudia kibodi chake, akainua kidole.

"Sasa ngojeni," alisema. "Kuna huyu wa Lambwe anabisha juu ya ile tabaka nyembamba. Hajui kitu huyu."